Taa Zinazoangalia Chini

Mume wangu na mama yangu wanapendana sana, na katika miaka yote ya ndoa yangu hawajawahi kukaa chumba kimoja. Hawajawahi kupeana mkono. Mume wangu akiwa njiani na mama akatokea upande wa pili, huingia shamba la watu na kujifanya anakagua mahindi. Kwetu Wabukusu ndivyo mkwe anavyomheshimu mama mkwe: kwa kumkimbia. Salamu zao hupitia kwangu. Mama akisema, "Mwambie asante kwa sukari," mimi ndiye ninayeibeba asante hiyo kutoka Bumula hadi Kitale, na jibu nalirudisha vilevile. Nimekuwa posta yao, na sijawahi kupewa hata baiskeli.

Mama alipougua figo, posta ikageuka kazi ya kweli. Nafasi kwenye mashine ya kusafisha damu ilipatikana Kitale, mara mbili kwa wiki, asubuhi mapema. Mtu wa mbali atauliza: si akae kwako tu? Mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake, basi, na maongezi yanaishia hapo. Jirani yetu wa Matisi, mtaa tunaokaa pale Kitale, mama Mwislamu mwenye nyumba nyuma ya msikiti, alimpa chumba safi chenye pazia jipya. Mama alilala humo usiku mmoja, akasifu kitanda, akasifu chai, akasema hatarudi. Akitoka kwenye mashine alitaka kulala kwake Bumula, awasikie ng'ombe wake. Kwa hiyo nikawa nashuka Bumula jioni, nalala kwa mama, na tunaondoka kabla jogoo hajaamua kama kumekucha.

Gari lilikuwa la marehemu baba. 504, steshenwagoni, rangi ya chai yenye maziwa mengi, gia zake ziko kwenye usukani. Baba alipofariki lilikaa chini ya mabati kule Bumula, kuku wakitagia kiti cha nyuma, mpaka mume wangu alipoomba kupitia kwangu aruhusiwe kulifufua. Ana kinu cha kusaga mahindi Matisi, na mtu aliyezoea kubembeleza injini ya kinu hashindwi na gari. Alilitengeneza likanguruma kama zamani. Kitu kimoja tu kilimshinda: taa. Taa za mbele za gari lile ni za wakati wake, za kuwaonyesha watu kwamba gari linakuja. Za kumwonyesha dereva anakokwenda hazikuwamo.

Asubuhi moja, karibu na Webuye, ukungu wa mto Nzoia ulipanda barabarani ukatufunika. Nilikuwa naendesha pua ikigusa kioo. Mama alikuwa nyuma, amejinyoosha, kwa sababu miguu yake ikivimba haipendi kuning'inia.

"Mayi," akaniita, vile akina mama wa kwetu wanavyowaita binti zao wakiwa wanawaonea huruma. "Si usimame kidogo."

"Mama, naona."

Sikuwa naona. Trela la miwa lilikuwa mbele yetu, halina taa hata moja nyuma, linatambaa. Nililijua tu miwa ilipokwaruza boneti. Nilikanyaga breki mpaka mguu ukafa ganzi, gari likakaa upande, likazima. Trela likaenda zake bila hata kujua tulikuwepo. Mama hakupiga kelele. Alinyamaza mpaka Kitale, akanyamaza kwenye mashine, akanyamaza wakati wa kurudi. Tulipofika kwake, akiwa ameshika mlango wa gari, akasema:

"Mimi hii safari ya giza nimeacha. Kama ni kufa, si nifie kwa kitanda yangu. Na wewe usikufe sababu yangu."

Alimaanisha. Mama yangu si mtu wa kutisha watu na maneno. Muuguzi alikuwa ametueleza wazi kwamba bila mashine maji yatamjaa mwilini, yapande mpaka kwenye mapafu. Na mashine ilikuwa ya asubuhi, na asubuhi ilikuwa na giza na ukungu. Mama asiposafiri gizani, atakufa. Ndivyo jambo lilivyokuwa, na nililia njia nzima kutoka Kanduyi hadi Kiminini, nikiwa na hasira na kila mtu aliyewahi kulima miwa.

Nilimkuta mume wangu kinuni, mweupe kwa unga mpaka kope. Nilimweleza yote. Alizima injini, akamwomba mteja aliyekuwa na karai asubiri, akatoka nje akaenda kuchuchumaa mbele ya gari. Akalitazama muda mrefu.

"Mama hana makosa," akasema. "Ni taa."

Hakuweza kumwendesha. Hakuweza kumshika mkono akipanda wala akishuka. Hakuweza hata kumwambia pole usoni. Nilimwona pale chini, unga ukimdondoka mabegani, nikaelewa kwamba amepata kitu anachoweza kumfanyia mama. Ningejua mapema atakavyokifanya, ningemzuia.

Kijana aliyemuuzia taa za kwanza pale Kitale mjini alikuwa na maneno matamu. "Mzae, hizi ni moto," alimwambia. "Ukiwasha hizi hapa, Endebess wanaamka wanafikiri kumekucha." Mwanamume mwenye akili timamu angeuliza kama Endebess wanahitaji kuamshwa. Wangu alifurahi. Alirudi na mataa mawili meupe, makubwa kama sahani za pilau, akayafunga juu ya bampa kwa vyuma alivyokata mwenyewe, akayainua kidogo ili yafike mbali. Gari la baba likaonekana kama mzee wa kanisa aliyevaa miwani ya jua ibadani. Nilimwambia hivyo. Akasema nisubiri giza. Swichi akaificha chini ya dashibodi, mahali ambapo mwizi hataijua. Wala mimi sikuijua.

Alisisitiza kunipeleka Bumula mwenyewe jioni hiyo, azione zikifanya kazi. Mpango ulikuwa wa heshima kabisa: ataendesha mpaka langoni, atashuka bila kuingia, mimi nitashika usukani niingie ndani, yeye atapanda bodaboda arudi Bungoma mjini alale kwa binamu yake. Tulifika giza linaingia. Lango lilikuwa wazi. Alisimamisha gari akageuza pua vizuri, kisha, kwa kiburi cha fundi, akawasha taa ili nione.

Nikaona. Bumula yote ikaona. Taa zile ziliruka lango, zikaruka ua wa michongoma, zikapiga moja kwa moja kwenye bafu la mabati pembeni mwa nyumba. Mama alikuwa ndiyo kwanza anatoka kuoga, kichwa wazi, leso imefungwa kifuani. Mwanga ulimpofusha. Akainua mikono yote miwili kukinga macho, na leso ikakosa wa kuishika.

Sasa, mtu wa kabila lingine yeyote angezima taa. Mume wangu alifungua mlango akakimbia. Heshima ilimshika miguu kabla akili haijamfikia mikono. Alitokomea kwenye miwa ya jirani nikisikia majani yakichanika, na akaniacha mimi, na gari, na mama yangu amesimama katikati ya mchana ule wa bandia. Nilirukia kiti chake nikaanza kupapasa swichi. Nilipata ya waipa. Waipa zikaanza kupangusa kioo kikavu, nikaona vizuri zaidi nilichokuwa sitaki kuona. Nikapata ya redio, ambayo haijawahi kufanya kazi. Nilipoigusa ile yenyewe mwishowe, kule chini kabisa karibu na waya zote, mama alikuwa ameshaokota leso na kuingia ndani.

Alikuwa ameketi kitandani, amejifunika shuka mpaka kidevuni.

"Nani alikuwa kwa usukani?" akauliza.

Ningedanganya kama ningeweza.

"Alikimbia, Mama. Hakuona kitu."

"Yeye najua alikimbia, nimesikia hiyo miwa. Yeye ni mtoto mzuri." Akavuta shuka juu zaidi. "Lakini hiyo gari imeniona. Hiyo gari siingii."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikaona hacheki. Kwa mama, aibu ile haikuwa mchezo. Ilikuwa imeingia kati yake na mtu ambaye kwa miaka yote wamelindana macho. Kesho yake hakwenda Kitale. Safari iliyofuata pia hakwenda. Miguu ilijaa mpaka viatu vyake vya plastiki vikakataa kuingia, na sauti yake ikaanza kuwa na maji ndani. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamwambia ni ujinga. Alinisikiliza kwa upole akageukia ukuta.

Shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyeondoa lile jambo kwa njia yetu ya nyumbani. Mume wangu alitoa blanketi zito la rangi ya damu ya mzee, shangazi akalipeleka, akamfunika nalo mama mabegani mbele ya akina mama wawili wa jirani, akasema, "Mkwe wako amekufunika." Mama akatoa tetea wa madoadoa apelekwe Kitale. Hapo aibu ikaisha. Lakini mama aliweka neno: mataa yale yaondolewe, na yeye gizani bado hasafiri.

Nyumbani, mume wangu aliyafungua mataa. Tetea akamtazama akiwa na kamba mguuni.

"Nimeharibu, mama watoto," akasema. "Wacha mambo ya taa. Tutafute njia ingine."

Hapo nilikasirika kwelikweli. Nilimwambia hakuna njia nyingine. Nilimwambia mama yangu anazama kwa maji yake mwenyewe akiwa kitandani, na kama ana mkono wa kufunga taa zinazomvua mama nguo, atafute mkono wa kufunga zinazomvusha barabara. Asubuhi alifunga kinu, akaniambia tuende Bungoma.

Nyuma ya msikiti wa pale Bungoma kuna mama mmoja wa buibui anayeuza vyuma vya magari yaliyokufa. Duka lilikuwa la mumewe. Vidole vyake vina oili, na mdomo wake hauogopi mteja. Mume wangu alimweleza kwa kuzungukazunguka, akiruka ile sehemu ya bafu. Mimi sikuiruka. Yule mama alicheka mpaka akashika rafu.

"Kwani ulikuwa unatafuta barabara juu ya miti?" akamuuliza. "Ukungu ukiupiga taa nyeupe kutoka juu, unakurudishia mwanga usoni. Unakuwa ukuta. Wewe unataka taa fupi, pana, ikae chini ya bampa, ipite chini ya ukungu. Imulike lami na majani ya kando. Isiinue macho."

Alitafuta nyuma ya milango na redieta akatoa jozi ya taa za mstatili, vioo vya manjano, zimetoka kwenye lori la zamani. Kimoja kilikuwa na mkwaruzo pembeni. Mume wangu alizigeuza, akazisugua kwa shati lake, akanitazama. Nilijua amezipenda kwa sababu hakuuliza zinafika wapi.

"Na mzipange gari likiwa na mzigo wake," yule mama akaongeza tukitoka. "Mtu akikaa nyuma, mkia unashuka, pua inapanda. Mkizipanga gari likiwa tupu, mtarudi kulekule kwa mabafu ya watu."

Sentensi hiyo ndiyo iliyomtesa mume wangu njia nzima ya kurudi. Tulipita Misikhu akiwa anakohoa. Tulipita Kamukuywa akiwa anarekebisha kioo kisicho na tatizo.

"Sasa huo mzigo wa nyuma," akasema hatimaye. "Unaweza kuwa... tuseme kama gunia la aina gani?"

Mkwe haulizi uzito wa mama mkwe. Hata kuuwaza ni utovu wa adabu. Nilimwacha ateseke mpaka Kiminini, maana bado nilikuwa na hasira, kisha nikamwambia kwamba kule kwenye mashine mama hupimwa kila mara na uzito wake ninaujua.

"Hupimwa mara mbili," nikasema. "Akifika akiwa na maji, na akitoka bila maji."

Alifikiri. "Giza liko wakati wa kwenda," akasema. "Basi nipe wa kwenda."

Jioni hiyo aliweka gari mahali pa tambarare mbele ya kinu, pua ikitazama ukuta. Alizifunga taa chini ya bampa, akavuta waya mpya kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi yake na relei yake, kile kijisanduku kinachobeba umeme mwingi ili swichi isiungue. Swichi akaiweka karibu na mkono wangu, akanifanya nifumbe macho niwashe na kuzima, niwashe na kuzima, mpaka akaridhika. Hatukusema ni kwa sababu gani. Kisha akaingia kinuni akapima mahindi kwenye mizani, akatoa kidogo, akaongeza kidogo, akafunga gunia. Magunia mengine huyatupa kutoka begani. Hili alilibeba kifuani. Alitandika kitambaa safi kwenye kiti cha nyuma, akaliketisha, akaliegemeza vizuri, akafunga mlango polepole.

Mimi nilikaa kwenye usukani, maana uzito wangu nao ulihitajika. Alichora mstari wa makaa ukutani, chini kidogo ya kimo cha taa za gari lenyewe, akasema mwanga wa manjano usiuvuke. Akachuchumaa na spana.

"Msogeze mama kidogo upande wako," akasema.

Nilidhani anatania. Nikageuka nikamwona: ameligeuzia gunia mgongo, ameinamisha kichwa, kama anavyofanya anapopita kwa mbali na mama. Nilicheka mpaka nikakosa pumzi.

"Unacheka nini?" akasema kwa ukali, bila kugeuka. "Na yeye anasikia."

Nilimpenda sana dakika ile. Nililisogeza gunia kwa mikono miwili, taratibu, na sikucheka tena.

Nilipofika Bumula na kumsimulia mama, alikuwa amelala chini ya lile blanketi. Nilimsimulia yote, mizani, kitambaa safi, mstari wa makaa. Kwanza alinitazama tu. Kisha blanketi likaanza kutetemeka.

"Ati nimekuwa gunia?"

"La mahindi safi, Mama. Hayana hata punje iliyooza."

"Na ameligeuzia mgongo?"

"Ameligeuzia mgongo."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkata, nikamwinua, akacheka tena. Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu baba afariki. Alipotulia, alijipangusa macho kwa ncha ya blanketi.

"Haya. Kesho naenda nione hiyo taa. Ikiniangalia, mimi nashuka."

Ukungu wa kesho yake ulikuwa mzito kuliko ule wa trela. Niliwasha. Mwanga wa manjano ulitandikwa mbele yetu kama mkeka, mfupi na mpana, ukaonyesha mstari mweupe, majani yenye umande, na viatu vya mtu aliyebeba maziwa kwa baiskeli kabla hata sijamwona mwenyewe. Juu ya hapo kulikuwa na weupe tu, lakini sikuuhitaji. Karibu na Webuye niliona magurudumu ya trela la miwa mapema kabisa, nikapunguza, nikalifuata kwa raha kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji. Mama aliketi wima njia nzima, ameshika kiti changu kwa nyuma.

"Hizi ziko na heshima," akasema. "Zinaangalia chini."

Neno hilo nililibeba mpaka kinuni bila kumwaga. Mume wangu alilisikia, akatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei ya mbolea, akaingia ndani akawasha injini. Hakukuwa na mteja. Kinu kilisaga hewa kwa muda.

Tuliendelea hivyo msimu mzima wa mahindi na nusu ya uliofuata. Mama alikwenda na kurudi, na alipata rafiki kwenye kiti cha jirani pale hospitali, mwanamke wa mlimani waliyebishana naye juu ya namna ya kukausha maharagwe. Lakini alikuwa anapungua. Ugonjwa ulikuwa unamla nyama polepole, hata siku ambazo sura yake ilikuwa njema. Kila mara niliporudi, mume wangu aliniuliza uzito wa kwenda, na Jumapili akitoka kanisani alilitoa gunia stoo, akalifungua, akachota gorogoro moja, kile kibati cha kupimia mahindi, wakati mwingine mbili, akafunga tena na kuzipanga taa upya. Shingo ya gunia ilizidi kuwa ndefu. Mahindi yaliyotoka hakuyasaga na ya wengine. Aliyaweka kwenye ndoo yenye kifuniko, na hakuniambia kwa nini, nami sikumuuliza.

Kisha taa zikaanza kuinama. Niliona kwanza mimi: mkeka wa manjano ulikuwa unaishia karibu mno, barabara inanifikia kabla sijawa tayari. Nikadhani ni skrubu imelegea. Halafu mama naye, aliyekuwa amekwisha kuwa mkaguzi wa taa zile, akasema kutoka nyuma, "Leo zimelala. Kwani amezipanga na nani?"

Nilimuuliza mume wangu jioni. Alijibu kwamba atazitazama. Jumapili ikapita, hakuzitazama. Nyingine ikapita. Nikaingia stoo mwenyewe nikalipima gunia kwenye mizani, na nikakuta ni zito kuliko mama, zito kwa gorogoro nyingi; ndiyo maana akiketi mama mwenyewe mkia haushuki vya kutosha na taa zinainama. Nilikuwa nimempelekea uzito mpya kila safari. Alikuwa ameacha kuchota.

Alinikuta nimesimama pale. Hakujitetea. Alikaa juu ya ndoo ya mahindi yaliyotolewa, akaweka mikono magotini.

"Nikichota tena," akasema, "ni kama ni mimi namtoa."

Nilikaa karibu naye na tukalitazama lile gunia likiwa limeegemea ukuta na shingo yake ndefu. Niliumia kwa ajili ya mama, na niliumia kwa ajili yake, maana mimi angalau nina ruhusa ya kumshika mama mkono, kumkanda miguu, kumkumbatia. Yeye alikuwa na gunia tu.

Safari iliyofuata nilimwambia mama ukweli wote, tukiwa tunarudi kutoka hospitali, mvua ya mchana ikikusanyika. Nilifikiri atalia. Badala yake akakasirika kama mkulima.

"Mahindi safi yamekaa tu mwaka mzima? Yanangoja dumuzi?" Akagonga kiti changu. "Mwambie asage huyo mama mkwe wake. Leo. Nataka unga niende nao nyumbani."

"Na taa, Mama? Atazipanga na nini?"

"Si niko hapa? Nipeleke."

Hajawahi kukanyaga kwa mkwe wake. Nilimwambia hivyo, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nakata kona kuingia Matisi. Akasema hakanyagi, yeye atakaa garini. Akajifunika leso kichwa chote mpaka kidevuni.

Nilisimamisha gari mahali pake mbele ya ukuta. Mbingu ilikuwa imeziba, mchana umekuwa mweusi kama jioni. Nilimfuata mume wangu kinuni nikampa ujumbe, na nikaona mguu wake mmoja ukitafuta mlango wa nyuma. Nikamshika mkono wa shati. Akasimama. Akalichukua gunia kifuani kama siku zote, akalifungua, na akalimwaga lote kinuni mwenyewe, na mahindi ya ndoo juu yake. Unga ulitoka vuguvugu.

Alipotoka na spana alikuja kinyumenyume, mgongo mbele, mpaka akalifikia bampa. Akachuchumaa akitazama ukuta, mikono ikizipapasa taa nyuma yake. Mimi nikaketi kwenye usukani nikawasha taa.

"Muulize," akasema, "huu ni uzito wa kwenda au wa kurudi?"

"Anauliza kama ni—"

"Nimesikia. Ni wa kurudi, wameshatoa maji. Mwambie alete maji."

Nikachota maji kwenye mtungi wa plastiki, kiasi ambacho mashine ilikuwa imemtoa asubuhi ile, nikampakatisha mapajani. Aliukumbatia kwa mikono miwili chini ya leso. Gari likashuka mkia kidogo, na ukutani mwanga wa manjano ukapanda. Bado ulikuwa chini ya mstari wa makaa, chini kabisa. Mume wangu alifungua skrubu. Kivuli chake kilikuwa kikubwa kwenye ukuta, mabega yote, na kupitia leso ile nyepesi nadhani mama alikiona, maana alikaza kichwa kutazama upande huo na hakukigeuza.

"Mwambie amekonda," akasema mama. "Mwambie ale."

Nikamwambia. Mwanga ulikuwa unapanda polepole, kulia ukitangulia, kushoto ukifuata. Mvua ikaanza kudondoka matone makubwa juu ya boneti. Nyuma yangu mama akageuza mtungi, kiti kikalia, mwanga ukaruka juu ya mstari.

"Mama, tafadhali usisogee," akasema mume wangu.

Alisema mwenyewe, kwa sauti yake, bila kunipitisha mimi. Nafikiri hakujua kama amesema. Nilishika usukani nikatazama mbele.

"Sisogei, mwanangu," akajibu mama. "Wewe panga tu."